Pale Tupa Inapoishia

Kuna kazi ya ufundi ambayo watu wengi wa Mwanza hawajawahi kuiona, na waliowahi kuisikia huiogopa kwa sababu ya jina la chombo chenyewe. Ni kazi ya kuirekebisha bastola ya mashindano ya shabaha bila kuitoa nje ya kanuni za divisheni yake. Mimi ni fundi vyuma hapa Kiseke. Siku zangu huishia kwenye jiliwa, nikichonga bushi za injini za boti, nikinyoosha shafti, nikitafuta boliti ambayo duka zima la Mwanza mjini halina. Silaha si riziki yangu. Lakini katika kazi zote za tupa na msasa ninazozijua, hakuna inayomdai fundi nidhamu kama hii, na nimeona ni haki isifiwe hadharani.

Niliweke wazi jambo moja kwanza. Kwetu Tanzania bastola haichezewi. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inamtaka mwenye nayo awe na leseni, na kuitengeneza si kazi ya kila mwenye karakana. Ninachokisifu ni kazi ya mezani, ya mchana, ya fundi mwenye kibali, ambaye kila anachokifanya kitakuja kupimwa na mtu mwingine mbele ya mashahidi.

Mahali pa karibu nilipoiona kazi hii ikiwa hai ni Kirigiti, katika Kaunti ya Kiambu, kwenye uwanja wa shabaha wa chama cha wamiliki wa silaha wa Kenya. Hapo raia wenye leseni hushindana kwa kanuni za kimataifa. Mchezo wenyewe ni wa mbio. Mshindani husimama bastola ikiwa kiunoni. Kengele ya kipima-muda ikilia, anachomoa, anahama kituo hadi kituo, anapiga shabaha za karatasi na za chuma, anabadilisha magazini akiwa mwendoni. Mwishoni alama zake zinagawanywa kwa sekunde alizotumia. Aliyepata alama 60 kwa sekunde 12 anaandikiwa 5. Aliyepata alama 54 kwa sekunde 9 anaandikiwa 6, naye ndiye aliye mbele, ingawa alikosea zaidi.

Risasi nazo zinapimwa. Uzito wa kichwa cha risasi kwa greni unazidishwa kwa mwendo wake wa futi kwa sekunde, kisha unagawanywa kwa 1,000, na jibu halitakiwi kupungua 125. Kichwa cha greni 124 kikienda futi 1,050 kinatoa 130, kimepita. Kikienda futi 1,000 kinatoa 124, na mshindani huyo ataruhusiwa kupiga hadi jioni bila alama yake hata moja kuhesabiwa. Ndivyo walivyotaka waasisi. Shirikisho la mchezo huu, IPSC, liliundwa mwaka 1976 huko Columbia, Missouri, na rais wake wa kwanza alikuwa Jeff Cooper. Kaulimbiu yao ya Kilatini ina mambo matatu: usahihi, nguvu na kasi. Ukichukua moja ukaacha mawili, umeharibu mchezo. Afrika iliingia mapema. Mashindano ya dunia ya mwaka 1977 yalifanyika Salisbury, mji ambao leo ni Harare, na ya 1979 yakafanyika Johannesburg.

Mwanzoni watu walikuja na bastola zilezile walizozoea kuzivaa. Kisha mafundi wakaanza kufikiri, na fundi akianza kufikiri hakuna kanuni itakayolala usingizi. Wengine wakafunga mdomoni mwa mtutu kifaa cha kuielekeza gesi juu, ili bastola isiruke inapopiga teke. Wengine wakapanua mdomo wa mpini, magazini iingie bila kubabaisha. Wengine wakaweka darubini ndogo yenye nukta nyekundu mahali pa vilengeo vya chuma. Mwaka 1990 huko Adelaide, Australia, Doug Koenig akawa bingwa wa kwanza wa dunia kushinda na nukta hiyo. Kuanzia hapo ilikuwa wazi kwamba mtu mwenye bastola ya kawaida na mkono mzuri atashindwa na mtu mwenye mkono wa kawaida na bastola nzuri.

Zingeweza kutokea njia mbili za kawaida: kuacha kila mtu afanye atakavyo, au kupiga marufuku ubunifu wote. Wao wakagawa mchezo katika divisheni. Huria ni ya wale wasiotaka kuzuiwa: nukta, kipunguza-mruko, magazini ndefu. Standadi inaruhusu mengi ndani ya bastola, lakini bastola yenyewe ikiwa na magazini lazima itoshe ndani ya sanduku la milimita 225 kwa 150 kwa 45. Klasiki ni ya zile zenye umbo la bastola ya John Browning iliyopokelewa na jeshi la Marekani mwaka 1911, nazo pia lazima ziingie sandukuni. Iko divisheni ya rivolva. Na iko Prodakshoni, ya bastola kama zilivyotoka kiwandani, ambayo ndiyo sababu ya mimi kuandika.

Siidharau Huria. Nimeziona bastola zake na zinapendeza. Ila pale swali la fundi ni moja tu: je, hili linasaidia? Likisaidia, litiwe. Prodakshoni inamuuliza maswali mawili kwa pamoja, je linasaidia, na je linaruhusiwa, na kati ya maswali hayo mawili kuna uchochoro mwembamba ambao mtu anaweza kuutembea miaka mingi bila kuumaliza.

Tazama ulivyo mwembamba. Bastola sharti iwe kwenye orodha iliyoidhinishwa. Mtutu usizidi milimita 127. Magazini isibebe zaidi ya risasi 15 kengele inapolia, hata kama kiwanda kiliitengeneza ibebe zaidi. Vilengeo vya wazi unaweza kuvibadilisha, hata ukaweka cha mbele chenye uzi wa plastiki unaong'aa, lakini darubini hapana. Mpini unaweza kuubandika utepe wenye mkwaruzo ili usiteleze kwa jasho. Ukiuvalisha soksi ya mpira, umevunja kanuni. Nje ya bastola usichonge, usitoboe, usipunguze uzito. Ndani, kanuni niliyoikuta inaruhusu kuondoa vinyuzi vya chuma vilivyobaki kiwandani na marekebisho yale tu yanayolazimika ili kipuri halali kikae mahali pake. Triga, kwa kanuni hiyo niliyoikuta, isiwe nyepesi kuliko kilo 2.27 kwa mlio wa kwanza.

Hiyo namba ya triga inahitaji kuelezwa, kwa kuwa ndiyo inayomkosesha fundi usingizi. Bastola nyingi za divisheni hii ni za ukoo wa CZ 75, iliyobuniwa Chekoslovakia na František Koucký katika miaka ya 1970. Kutoka ukoo huo zimepatikana bastola kadhaa zinazopendwa sana Prodakshoni, kama Shadow 2 iliyotoka mwaka 2016, na za Tanfoglio wa Italia waliofuata umbo lilelile. Jirani zetu wa Kenya wanalijua jina Ceska hata wale ambao hawajawahi kushika silaha, maana magazeti yao hayaliachi. Sasa, katika bastola ya namna hii kidole kinafanya kazi mbili kwa mlio wa kwanza: kinainua nyundo, halafu kinaiachia. Mvuto ni mrefu na mzito. Baada ya hapo slaidi ikirudi nyuma inaiinua nyundo yenyewe, na mlio wa pili unakuwa mfupi na mwepesi. Mpigaji analazimika kuwa na vidole viwili katika kidole kimoja. Wengi hukosa shabaha ya kwanza, si kwa kutokujua, bali kwa sababu chuma kimewapa kazi mbili zisizofanana ndani ya sekunde moja.

Fundi haruhusiwi kuufanya mvuto wa kwanza uwe mwepesi kama wa pili. Kinachobaki mikononi mwake ni ulaini. Kilo 2.27 zenye mikwaruzo na kilo 2.27 zinazotiririka ni vitu viwili tofauti kabisa kwa kidole, ingawa mizani haioni tofauti hata chembe. Kazi yote imo humo, mahali ambapo mizani haifiki.

Niliruhusiwa kukaa pembeni ya meza ya fundi mmoja wa huko Kiambu, mzee wa makamo, mpole, mwenye miwani iliyoning'inia kwa uzi shingoni. Bastola iliyokuwa mbele yake ilikuwa tupu, magazini imewekwa upande wa pili wa chumba, na kabla ya kuigusa alitazama ndani ya chemba kwa macho na kwa kidole, halafu akanipa na mimi nitazame. Akaifungua, akavipanga vipuri juu ya kitambaa cheupe kwa mfuatano ule ambao angevirudisha. Akachukua kipande kidogo, hakizidi ukucha, akakipaka wino mweusi sehemu inayosuguana na mwenzake. Akavirudisha pamoja, akavisukuma kwa mkono mara chache, akavitoa tena. Pale wino ulipofutika ndipo chuma kilipogusana na chuma. Nilitarajia kuona mstari ulionyooka. Niliona doa upande mmoja na kimstari upande mwingine. Kilikuwa kinabeba mzigo kwa bega moja.

Tangu hapo sikuona tupa kabisa. Alitumia jiwe la kunolea lenye chembe laini mno, tone la mafuta, na mikono ambayo haikuwa na haraka. Alisugua kidogo, akafuta, akapaka wino upya, akajaribu, akatazama chini ya taa. Doa likapanuka kidogo. Akarudia. Mimi kwa mazoea ya bushi zangu ningesugua mpaka uso wote ung'ae, na nilimwambia hivyo. "Mzee, mbona bado kuna kivuli pale pembeni?"

Akavua miwani. "Fundi wangu wa Mwanza, kile kivuli nikikifuata, itakuwa tamu zaidi. Lakini nitakuwa nimekula chuma ambacho hakikuwa kinyuzi. Hapo siyo kusafisha tena, ni kuchonga. Na mwenyewe nitamwambia nini akiulizwa?"

Akakirudisha kipande mahali pake na kivuli chake.

Nimekutana na mafundi hodari wengi, wa lathe, wa kuchomelea, wa injini. Karibu wote tunasifiwa kwa tulichoongeza: umeziba ufa, umepandisha nguvu, umefanya gari la 1985 lipande mlima wa Kiseke na mzigo wa saruji. Ni mara chache mno kumsifu fundi kwa milimita aliyoiacha ilhali angeweza kuiondoa na hakuna ambaye angemwona. Maana kile kivuli kilikuwa ndani ya bastola iliyofungwa. Mwamuzi asingekiona kwa urahisi. Mteja asingelalamika, angefurahi.

Kile ambacho mwamuzi anaweza kukiona, anakipima bila kumwonea mtu haya. Nilitazama kipimo cha triga kabla ya mashindano kuanza na sijapata kuona mtihani rahisi kuuelewa kama huo. Bastola tupu inaelekezwa juu, kipande cha chuma cha kilo 2.27 kinaning'inizwa kwenye triga, na bastola inainuliwa polepole mpaka kipande kiachane na meza. Uzito wenyewe ni wa sato mmoja mkubwa wa kulisha nyumba nzima. Nyundo isipoanguka, umepita. Ikianguka, triga yako ni nyepesi kuliko kanuni. Hakuna mjadala, hakuna maoni, hakuna kuangalia wewe ni nani. Nilimwona mtu mwenye cheo kikubwa, ambaye sauti yake ilijaa uwanja mzima, amenyamaza kimya akiitazama nyundo yake kama wengine wote.

Adhabu nayo imenifurahisha kwa busara yake. Bastola ikikutwa nje ya kanuni za Prodakshoni, mwenyewe hafukuzwi. Anahamishiwa Huria, ikiwa divisheni hiyo ipo kwenye mashindano hayo. Ulitaka uhuru, haya, nenda kashindane na wale wenye nukta nyekundu na vipunguza-mruko. Bastola ileile ambayo kwa wenzake wa Prodakshoni ingekuwa na faida ya wizi, kule Huria inakuwa maskini kuliko zote. Ukitaka kumweleza kijana kwa nini faida ya magendo ni hasara, mpe mfano huo.

Aliyeonyesha vizuri kuliko wote kwamba Prodakshoni si divisheni ya wanyonge ni Mfaransa Eric Grauffel. Kwa miaka mingi alikuwa mfalme wa Huria. Ubingwa wa dunia wa mwaka 2002, uliofanyika Afrika Kusini, ulikuwa wake, nao haukuwa wa kwanza wala wa mwisho. Mwaka 2017 mashindano ya dunia yalipofika nchini kwake, Châteauroux, aliingia Prodakshoni na Tanfoglio yake, akashinda. Mtu aliyezoea bastola isiyo na mpaka alichagua bastola yenye mipaka mingi, na mkono ukabaki ni uleule. Siwezi kuthibitisha alichokiwaza, ila najua fundi wake alilazimika kufanya nini: kutafuta ubora wote uliobaki ndani ya uchochoro ule niliousema, bila kugusa ukuta wa kulia wala wa kushoto.

Kwetu Afrika Mashariki kanuni hizi zina uzito mwingine ambao wenzetu wa Ulaya labda hawauhisi. Risasi ni ghali, leseni ni safari ndefu, na si rahisi kwa mtu aliyeshapata kibali cha bastola moja kuomba ya pili kwa ajili ya michezo tu. Huria ingekuwa klabu ya matajiri wachache. Prodakshoni inamruhusu mwenye duka, daktari au mfugaji aje na ileile aliyopewa kibali cha kujilindia, iliyosafishwa na fundi mwenye dhamiri, asimame na mtu yeyote. Kanuni inayomzuia tajiri kununua ushindi ndiyo inayomfungulia mlango asiye na kitu, na fundi mwaminifu ndiye anayeushikilia mlango huo usifungwe.

Wapo wasiopenda kusikia neno ufundi likitajwa pamoja na bastola. Nawaelewa. Mwanza imezika watu kwa risasi za majambazi, na ukanda wetu wa maziwa makuu umebeba silaha nyingi zilizovuka mipaka kinyemela. Lakini silaha ya jambazi haina fundi wa namna hii, wala daftari, wala mizani, wala mtu wa kuikagua chemba kabla ya kuishika. Ninachokisifu ni kinyume chake kabisa: chombo cha hatari kilichozungukwa na vipimo pande zote, na watu waliokubali kupimwa. Huku kwetu tunao Chuo cha Pasiansi, si mbali na Kiseke, kinachofundisha askari wa wanyamapori tangu miaka ya 1960. Kwa hiyo bunduki yenye nidhamu si jambo geni kwa majirani zake. Na ukitazama nyuma zaidi, ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza, Warongo wa Uzinza walikuwa wakiyeyusha chuma na kufua majembe yaliyouzwa mpaka Usukumani, muda mrefu kabla ya meli za chuma kuonekana ziwani. Mikono ya ukanda huu inajua chuma. Tulichokosa mara nyingi ni mtu wa kutuambia ishia hapa, na sababu ya kumwamini.

Tangu nirudi Kiseke kuna jambo nimekuwa nikilisema kwa vijana wangu wa karakana na kwa yeyote wa michezo anayekubali kunisikiliza. Hatuna haja ya kuanza na bastola za baruti. Shabaha ya Olimpiki ina bastola ya hewa, ya vidonge vya milimita 4.5, inayopigwa kwa umbali wa mita 10, na ufundi wake unafuata njia ileile: bastola isizidi gramu 1,500, triga isipungue gramu 500, na chombo chote kitoshe kwenye sanduku la milimita 420 kwa 200 kwa 50. Ukumbi wa shule unatosha, mamlaka zikitoa idhini na polisi wakiwepo. Mwanafunzi wa ufundi wa VETA pale Nyakato anaweza kufundishwa kuuchonga mpini wa mbao ukae kwenye kiganja cha mpigaji mmoja mahususi na bado uingie sandukuni, na hiyo peke yake ni kazi ya kumkomaza kuliko mageti mia ya kuchomelea.

Sanduku nimeshaanza kulitengeneza, la mbao ya mninga, na kona zake nimezipima kwa kalipa mpaka nimeridhika. Kipande cha gramu 500 nitakichonga kwenye lathe, kisha nitakipeleka kwa Wakala wa Vipimo wakihakiki, kwa sababu kipimo kilichochongwa na fundi na kuhakikiwa na fundi huyohuyo hakifai kumhukumu mtu.